Kidole mu Sikio

Mimi ni sauti ya pili. Bantu ba korali bakisikia vile banaelewa mara moja, lakini wewe mwenye hauimbake, acha nikuelezee kwanza, juu bila iyo hautajua kwa nini mukecuru, mama muzee kama mimi, analiaka mbele ya sufuria ya maharagi.

Wimbo ya korali iko na sauti ine. Ya kwanza njo wimbo yenyewe, ile muntu anaimbaka ku njia akitoka soko. Ya pili inatembea chini yake, kama dada mudogo anafuata mukubwa ku kisima. Ya tatu na ya ine ni ya babaume, na ile ya ine inanguruma tu huko chini kama lori inapanda mulima. Ukisikia zote ine pamoja, mwili inasisimuka. Ukisikia ya kwanza peke yake, bado ni wimbo. Ukisikia ya pili peke yake, utauliza: huyu mama amepoteza nini?

Korali yetu ilikuwa mu kanisa ndogo ya mabati hapa Kamembe, chini ya soko, upande wa kutelemuka ku ziwa. Tulikuwa bantu ba kuvuka mupaka. Bazazi betu balitoka Bukavu na vijiji ya nyuma yake, bakakuja kuuzisha, bakabaki. Kwa iyo ibada yetu ilikuwa ya Kiswahili, asubui mapema, mbele ya ile ya Kinyarwanda. Mimi nilikuwa nauzisha unga ya muhogo na ndizi ya Gashonga. Rafiki yangu, huyu nataka kukuambia habari yake, alikuwa anauzisha sambaza kavu, ile samaki ndogo ya ziwa. Harufu yake ilikuwa inaingia mu kanisa mbele yake.

Nilikuwa namuambia: "Malaika banajua umefika mbele upige magoti."

Naye: "Na wewe, na iyo unga ku nyusi, beko banafikiri ulishakufa."

Tunacheka mpaka muchungaji anakohoa.

Yeye alikuwa sauti ya kwanza. Usifikiri ilikuwa sauti ya nguvu, hapana. Ilikuwa nyembamba, kavu kidogo kama ile samaki yake, lakini ikianza, batoto benye banalia ku mugongo ya bamama zabo banageuza kichwa kutafuta. Mimi nilisimama kando yake, kushoto, miaka yote. Njo ilikuwa nafasi yangu. Ata nikichelewa, hakuna muntu alithubutu kukaa pale. Rafiki yangu alikuwa anaweka pale kikapo yake ya sambaza, na hakuna muntu alitaka kitenge yake inuke samaki.

Sasa dirijan wetu, ule mwenye kutuimbisha. Alikuwa papa mushonaji, na nyimbo zote alizitunga ku mashini yake ya kushona, mguu inakanyaga, mudomo inatafuta. Kusoma muziki hakujua, na sisi ata kusoma tu ilikuwa shida. Mimi nilisoma mpaka pale banafundisha kuandika jina, nikatoka kuchunga mudogo wangu. Basi alitufundisha kwa mudomo, na alikuwa na namna yake. Anatugawanya. Sauti ya kwanza nje, chini ya muti wa avoka. Sisi ba pili ndani, ku benchi. Ba tatu ku mulango ya nyuma, na ba ine kule ku choo, juu alisema babo banasumbua ata ukuta. Anazunguka. Anakufundisha yako, mustari kwa mustari, mpaka inaingia mu damu. Kisha anatukusanya, na mbele tuanze anapiga kelele:

"Masikio!"

Kila muntu anaziba sikio moja na kidole, ile ya upande wa jirani mwenye sauti ingine. Njo sheria yake. Alisema ukimusikiliza jirani utamufuata, na ukimufuata umeharibu kazi ya bote. Kama anaona sikio iko wazi, anakukujia na mita yake ya kupimia kitambaa, pa! ku kichwa. Korali ya mahali pengine bakituona banacheka: hawa bantu beko na maumivu ya masikio bote siku moja? Lakini tukianza kuimba, kicheko inaisha.

Rafiki yangu alikuwa kuume kwangu, kwa iyo mimi niliziba ya kuume. Kila siku ya Mungu, kila Jumapili.

"Unaziba sikio ya nini?" ananiuliza. "Mimi nanuka. Ziba pua!"

Utaniuliza: lakini mulikuwa pamoja soko, mulikuwa pamoja ku njia, haukumusikia akiimba? Nilimusikia, wee! Lakini akianza tu, mudomo yangu inaanza ya pili, na kidole inapanda yenyewe. Sikuwahi kukaa kimya nimusikilize. Nani anakaa kimya wakati rafiki yake anaimba? Wakati ule, mungeniimbia ile sauti ningeitambua, ningesema ndiyo, njo iyo. Kuitosha, kuiimba mimi mwenyewe, ni kitu ingine kabisa.

Kati ya nyimbo zote, moja ilikuwa yetu. Tuliiita ya mulango. Ilikuwa inasema: *Nifungulie, nimetoka mbali, miguu yangu ina vumbi, nifungulie, sina mwengine, taa yako naiona.* Maneno kidogo tu. Lakini pale ku "miguu yangu", sauti ya kwanza ilikuwa inapanda, inapanda, na sisi ba pili tunabaki pale pale ku sauti moja, kama muntu amesimama inje anangoja. Tuliiimba ku mazishi. Ata bamama ba Kiislamu benye tulikuwa nabo soko, jirani akifariki banasimama ku barabara, banangoja tufike pale ku "miguu" ndipo banaenda zabo.

Kisha ikakuja ile miaka mibaya ya vita. Siiweki hapa, mwenye aliiishi anaijua. Korali ilimwagika kama unga. Bengine balikufa, bengine balivuka daraja ya Bukavu bakabaki kule. Dirijan mwenyewe hatukumuzika sisi. Wakati tulirudi kukaa mu ile kanisa na kuangaliana, sauti ya kwanza alibaki yeye peke yake, na mimi kando yake na kidole mu sikio.

Tukaimba sisi wawili muda murefu. Kisha kanisa ikakuwa kubwa, ikajengwa na matofali, ikapata piano ya umeme, gitare, mikro na babafle, ile masanduku ya kutosha sauti, makubwa kama kabati. Vijana beko bazuri, sibasemi mubaya. Banaimba na kucheza, na kanisa inajaa. Ila sisi tukapelekwa pole pole ku benchi ya nyuma. Hakuna muntu alisema tutoke. Walisema tu: "Bamama, mupumuzike."

Tulipumuzika mpaka tukachoka kupumuzika.

Siku moja tuko pale nyuma, beko banapima bafle, boom, boom, meno inatikisika, na mimi niko na chache tu za kutikisika. Rafiki yangu akainama ku sikio yangu, ile ya kuume.

"Sikia. Siku yangu, hii mashini ikae kimya. Muniimbie ya mulango."

"Na nani ataimba ya kwanza? Wewe utakuwa mu sanduku."

"Wewe."

"Mimi ni ya pili!"

"Basi nitaamuka nikusaidie," akasema, tukacheka. Lakini mukono yake ikashika yangu, ikakaza. "Usicheke. Niahidi. Sitaki niende na boom boom. Nataka niende na ile tuliimbiaka bengine."

Nikamuahidi. Sikufikiri ata kidogo. Nilijiambia: wimbo niliimba tangu nikiwa binti, nitashindwa aje?

Alianguka ku soko, asubui, juu ya sambaza yake. Nusu ya mwili ikafa, upande wa kuume, na mudomo ikaenda upande. Ku hopitali balimuchunga vizuri, kisha bakasema turudi naye nyumbani. Binti yake, mwenye kuuzisha bitenge Bukavu, akaacha biashara akakuja kumuchunga. Na mimi kila asubui naenda kukaa ku kitanda. Nilikuwa namuongelea habari zote za soko, nani amegombana na nani, na jicho yake inacheka. Kusema, hapana. Sauti ilikuwa inatoka kama mulango inakwaruza sakafu.

Njo siku moja, kumufurahisha, nikaanza ya mulango. *Nifungulie, nimetoka mbali...* Nikasikia mudomo yangu inaimba ya pili. Nikaacha. Nikasema, acha nianze ya kwanza. Nikafungua mudomo. Ikatoka ya pili. Nikavuta pumzi, nikafunga macho, nikatafuta mu kichwa yote. Ya pili. Nilikuwa kama muntu anaingia mu nyumba yake mwenyewe na hapati kitanda.

Mana wee, Mungu wangu. Jasho ikanitoka.

Yeye aliona. Alinijua sana, hakuna kitu ningemuficha. Akainua mukono ya kushoto, ile yenye ilibaki nzima, akaanza kunionyesha. Mukono inapanda kidogo, inashuka, inakaa, inapanda tena. Pale ku "miguu yangu" mukono ikaenda juu, juu, mpaka shati ya kulala ikateremuka ku bega. Alikuwa ananifundisha kama dirijan.

Nikamufuata. Nikiimba, anatikisa kichwa: hapana. Nikajaribu tena. Hapana. Mukono inaweza kukuambia sauti ipande, lakini haikuambii ipande mpaka wapi. Tulifanya vile asubui nyingi. Binti yake anatuletea chai, anasema, "Angalia bazee banacheza kama batoto!" Hakujua. Siku ya mwisho ya kujaribu, rafiki yangu alichoka, mukono ikaanguka ku blanketi. Machozi ikashuka upande mumoja tu. Nikamupangusa na kitenge yangu.

Nikavuka kwenda Bukavu. Nilisikia kule iko muzee moja wa korali yetu, mwenye kubaki. Nikapita daraja kwa miguu, nikapanda ile mulima, nikauliza, nikafika. Nikamukuta anaketi ku kiti ya plastiki, macho imekwisha, lakini sauti yangu akaitambua mara moja.

"Yule mama wa unga! Bado uko?"

"Niko, muzee. Nimekuja juu ya wimbo ya mulango. Uniimbie sauti ya kwanza."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ya kwanza? Mama, mimi nilikuwa ya ine. Nilifundishwa karibu na choo!"

"Najua. Lakini uliisikia."

"Nilisikia wapi? Kidole ilikuwa mu sikio. Ule papa na mita yake, unafikiri nilitaka kupigwa?"

Tukaimba hata hivyo. Tungefanya nini? Yeye ananguruma chini, boo, boo, boo, mimi niko juu yake nasimama ku sauti yangu moja. Bajukuu bake bakakusanyika ku mulango kutuangalia. Moja akauliza mama yake kama babu anagombana na huyu mukecuru. Ilikuwa kama nyumba yenye iko na musingi na dari, kuta hakuna. Tukamaliza. Muzee akasema pole pole:

"Ilikuwa muzuri ile wimbo."

"Ilikuwa muzuri sana."

"Na sasa nani anayo?"

"Rafiki yangu. Na hawezi kusema."

Alitafuta mukono yangu, akaupata, tukakaa vile mpaka nikasema baryeri ya mupaka itafungwa, acha niende.

Rafiki yangu alifariki siku chache nyuma ya iyo. Nilikuwa sokoni. Balikuja kuniita, na nikajua mbele bafungue mudomo.

Binti yake akanishika mbele ya bantu bote. "Tantine, maman aliniambia mbele agonjwe. Hataki piano, hataki bafle. Anataka ya mulango. Alisema tantine anajua."

"Binti yangu," nikasema, "mimi najua ya pili tu."

"Maneno si unajua?"

"Maneno najua."

"Basi!"

Kwake ilikuwa imekwisha. Muntu mwenye hakuimba korali anafikiri wimbo ni maneno. Nilitaka kumuelezea, lakini macho yake ilikuwa nyekundu, na bantu beko banaingia na viti, na sufuria inachemka.

Mwenye kupiga piano mu kanisa ni mwalimu wa shule, papa wa batoto, muntu mupole sana. Alisikia shida yangu, akakuja na piano yake ndogo, akaiweka ku meza ya rafiki yangu, kando ya ile kikapo ya sambaza.

"Tantine, uniimbie vile unajua. Nitatafuta ya kwanza juu yake."

Nikaimba. Vidole vyake vikatembea. Kwanza alipotea, kisha akapata kitu. Akaimba na maneno: *Nifungulie, nimetoka mbali.* Bamama benye balikuwa banachambua muchele bakaacha mikono hewani. Ilikuwa muzuri. Njo ubaya wake, ilikuwa muzuri.

"Ni iyo?" akauliza.

"Hapana. Si iyo."

"Basi nibadilishe wapi?"

"Sijui."

"Inapanda zaidi? Inashuka?"

"Mwalimu, kama ningejua wapi, nisingekuita."

Akanihurumia. Akacheza ingine. Si iyo. Akacheza ingine tena. Si iyo. Binti akaingia ku mulango akasikia mwalimu anarudilia ile aliipata mara ya kwanza, akaweka mikono ku kifua. "Tantine! Njo iyo! Niliisikia nikiwa mutoto!" Alikuwa analia na kucheka. Mwalimu akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

Njo tulimuzika nayo. Piano ilikaa kimya kama alivyotaka, ile tu tulitimiza. Vijana ba korali balijifunza haraka, banajua kazi. Baliimba bila mashini, bakasimama kuzunguka sanduku, na mimi bakaniweka kati, ku heshima. Nikaanza ya pili, na haikuingia. Inagongana na ile ya mwalimu pale ku "miguu yangu", kwa sababu ile yake haipandi, inateremuka kutafuta ya kwangu. Nikaimba nusu, nikafunga mudomo. Bantu bakafikiri ni uchungu. Ilikuwa uchungu, ndiyo, lakini si ule babo balifikiri. Yeye alikuwa pale ndani ya mbao, na bantu banamuimbia wimbo ya muntu mwengine, na mimi njo peke yangu najua.

Kisha kila muntu ananishukuru. "Mama, ulilinda wimbo ya bazee." "Maman wake angefurahi." Binti akanikumbatia mpaka kitambaa yangu ya kichwa ikaanguka. Ningemuambia? Amezika mama yake na roho imetulia. Nikasema asante.

Sasa banaiimba karibu kila siku ya Mungu. Beko banaiita wimbo ya bazee, na imewekewa piano, gitare, na babafle yote. Boom boom. Binti amehamia Kamembe kabisa, ameingia korali, anasimama mbele, na yeye njo anaitosha. Eko na sauti muzuri, nyembamba, kavu kidogo.

Na mimi nakuambia kitu yenye inanimaliza. Zamani nilikuwa nasema, sina ya kwanza ku mudomo, lakini niko nayo mahali fulani ndani, nikiisikia nitaitambua. Nilikuwa najishikilia kwa iyo. Sasa, asubui, niko mbele ya maharagi, najaribu kumukumbuka yeye akiimba ku njia ya soko, kikapo ku kichwa. Namuona. Naona mudomo yake inafunguka. Na yenye inatoka ni ya mwalimu. Imeingia pale yake ilikuwa, imekaa. Najaribu kuifukuza. Inarudi. Ule muzee wa Bukavu naye amefariki, balinitumia habari. Kama dirijan angefufuka leo aniimbie ile ya kweli, sijui tena kama ningesema ndiyo, njo iyo.

Bajukuu bangu nimebaambia: siku yangu munyamaze tu. Banacheka, banafikiri ni muzaha ya mukecuru.

Kwa iyo siku ya Mungu nakaa ku benchi ya nyuma, nafasi ya rafiki yangu kuume kwangu iko wazi, na wakati bafle inaanza ile wimbo, mimi naweka kidole mu sikio. Naziba ya kuume, kisha ya kushoto pia, nakaza, isiniingie zaidi. Na mudomo yangu inatembea kidogo, ni mazoea. Binti yake ananiona toka kule mbele. Ananitabasamia, ananipungia mukono. Anafikiri niko naimba ya pili.